Hodi ya Muuzaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Nyumba wa Mbeya, Iringa na Njombe

Mpunga wa Mbarali ukishauzwa, viazi vya Njombe vikishapakiwa kwenye malori na kahawa ya Mbozi ikishalipwa, hodi huongezeka majumbani. Vijana waliovaa fulana zinazofanana wanapita Uyole, Ilomba, Kihesa, Ipogolo, hadi vijiji vya ndani kabisa, wakiwa na sola, majiko, sufuria, vichujio vya maji, virutubisho na fomu za mikopo. Wanajua ni mwezi gani hela iko ndani.

Wengi wao ni watu wa haki wanaotafuta riziki. Shida yangu ni na namna moja tu ya kuuza: ile inayomnyima mwenye nyumba nafasi ya kufikiri. Imewaumiza watu ninaowaheshimu, hasa kina mama na wazee wanaobaki nyumbani mchana. Maswali haya ni yale ninayoulizwa na majirani na wanachama wa vikoba.

Nitajuaje kwamba nasukumwa, na si kwamba nauziwa tu?

Mwambie apite kesho kutwa, kisha msikilize. Muuzaji wa kawaida atasema sawa mama, nitapita. Anayekusukuma ana jibu kwa kila kesho yako: gari la kampuni linarudi Dar jioni hii, ofa ni ya nyumba kumi za mwanzo, bei inapanda Jumatatu. Wakati mwingine anampigia "bosi" simu mbele yako, anaongea kwa kubembeleza, halafu anakugeukia: "Amekubali kukupunguzia, lakini ni sasa hivi." Bei ya kwanza, ile laki nne na nusu, ilitajwa ili laki mbili ionekane ya kutupa.

Sikiliza pia maswali yake. "Mama, unapenda watoto wasome usiku bila moshi wa kibatari?" Ndiyo. "Unapenda gharama zipungue?" Ndiyo. "Unajali afya ya familia?" Nani asiyejali? Ukishaitikia ndiyo mara tano, hapana ya mwisho inakuwa ngumu kutamka, kana kwamba unajipinga mwenyewe. Maswali hayo yamepangwa, na vijana hawa hufundishwa kwenye semina kabla ya kuingizwa mtaani.

Halafu kuna zawadi. Kikombe, kipande cha sabuni, kipimo cha bure. Kwa malezi yetu, aliyekupa kitu ni vigumu kumrudisha mikono mitupu, na hilo analijua. Anajua pia salamu. Atasema "kamwene" akiwa Iringa au Njombe na "ugonile" akiwa Tukuyu, hata kama amezijifunza kwenye basi. Itikia, salamu ni jambo jema. Ila haikulazimishi kufungua pochi.

Na akikuambia "jirani yako wa geti la bluu kachukua mbili", mpigie jirani huyo hapo hapo.

Nimelelewa kutomfukuza mgeni. Nitakataaje bila kuonekana mkorofi?

Swali hili linanigusa kuliko yote, kwa sababu wengi wanaolizwa mlangoni hawakudanganywa kwa ujinga. Waliona aibu kukatisha maneno ya mtu aliyekaa sebuleni kwao na kunywa chai yao.

Kwa hiyo anza na mahali. Mzungumzie getini au barazani, mkiwa mmesimama. Akikaa kwenye kochi, kumwambia aondoke kunakuwa jambo zito, na yeye anaomba kiti kwa sababu hiyo. Akiomba maji, mpe maji. Ukarimu hauondoki, ila ukarimu na kununua ni mambo mawili, wala hakuna bibi yeyote wa Kihehe au wa Kinyakyusa aliyetufundisha kwamba mgeni akishapewa maji apewe na akiba ya ada.

Pili, usitoe sababu. Tumezoea kukataa kwa sababu ili tusimuumize mtu, na yeye ana dawa ya kila sababu. Ukisema huna hela, atasema lipa kidogo kidogo. Ukisema unalo tayari, atasema la zamani tunakubadilishia. Ukisema unamsubiri mzee arudi, atasema "mpigie nimweleze", au lile neno baya zaidi: "Kwani wewe mama huna uamuzi nyumbani kwako?" Neno hilo limewafanya wanawake wengi walipe kwa hasira, ili tu kuonyesha kwamba wana uamuzi.

Sema sentensi moja na uirudie bila kuibadilisha: "Asante kaka, nyumba hii hatulipi siku ile ile. Niachie karatasi na namba ya ofisi." Akiongeza maneno, rudia. Akiongeza tena, rudia, kisha mpe mkono wa kwaheri. Ukiitaja kama sheria ya nyumba, humkatai yeye wala hubishani na sola yake. Ifundishe familia nzima, na dada wa kazi pia, kwa sababu mara nyingi ndiye anayefungua geti.

Wanasema ni "elfu mbili tu kwa siku". Si nafuu hiyo?

Zidisha kabla hujajibu. Elfu mbili kwa siku ni 60,000 kwa mwezi wa siku 30 na 730,000 kwa mwaka. Mfumo wa sola unaolipiwa 1,500 kila siku kwa miaka miwili unakugharimu 1,095,000, bado kianzio. Inawezekana inafaa, hasa mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika. Lakini linganisha milioni hiyo na bei ya taslimu ya paneli, betri na taa dukani Mwanjelwa au Miyomboni, si elfu mbili na sahani ya chips.

Muulize mambo matatu na ayaandike kwa mkono wake: jumla yote nitakayolipa hadi mwisho ni kiasi gani, nikichelewa rejesho nini kinatokea, na kikiharibika anakuja nani kutengeneza na anatoka wapi. Mifumo mingi ya mkopo huzimwa kutoka mbali usipolipa. Mkulima anapokea hela mara moja au mbili kwa mwaka, ilhali malipo haya yanadaiwa kila siku, hata Februari wakati ghala limebaki vumbi. Kwa maoni yangu hapo ndipo mikataba hii inapowashinda watu wetu, hata pale kifaa chenyewe kilipo kizuri.

Ana kitambulisho shingoni na barua ya mtendaji. Bado nina wasiwasi gani?

Barua ya mtendaji au ya mwenyekiti wa mtaa inaeleza kwamba mtu huyu amejitambulisha ofisini. Haielezi kwamba mali yake ni nzima. Hata vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyoanza kutolewa mwishoni mwa 2018 kwa shilingi 20,000 vilimsaidia mtu afanye biashara bila kubughudhiwa. Havikupima bidhaa ya mtu yeyote.

Barua yenyewe inaigizwa kwa urahisi. Mpigie mwenyekiti wako kwa namba uliyo nayo wewe, si iliyoandikwa kwenye karatasi ya mgeni. Kisha uliza: "Ofisi yenu hapa Mbeya iko wapi?" Kwetu hakuna mahali pasipo na jirani. Ni Kabwe, ni Mafiati, mkabala na sheli ipi, juu ya duka gani. Anayejibu "tuko mjini" bila kutaja jirani hana ofisi.

Amekuja na mashine ya kupima mwili mzima kwa dakika moja. Ni ya kweli?

Hapana. Unashika kijiti kiganjani, kompyuta inatoa karatasi inayosema ini limechoka, figo zina mafuta, mifupa imepungua madini, na dakika hiyo hiyo unafunguliwa begi la virutubisho vya laki na zaidi. Hakuna kifaa cha kushika mkononi kinachosoma ini, figo na mifupa yako kwa namna hiyo. Figo hupimwa kwa damu na mkojo, maabara, na majibu husomwa na mtaalamu ambaye hakuuzii chupa.

Naichukia biashara hii kuliko zote zilizotajwa hapa. Nyingine zinachukua hela. Hii inamtia mtu hofu ya ugonjwa asio nao, na inamfanya mwenye kisukari au presha ya kweli aache vidonge vya hospitali. Kama ulishapimwa hivyo na una wasiwasi, nenda kituo cha afya. Usiache dawa yoyote uliyoandikiwa na daktari kwa sababu ya karatasi ile.

Dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA, mamlaka iliyokuwa ikiitwa TFDA hadi 2019. Anayetembeza dawa begini nyumba kwa nyumba ana maswali ya kujibu huko.

Watu wa umeme je? Hao nao wanagonga.

Fundi wa TANESCO anaweza kuja kukagua mita ya LUKU, lakini hapokei hela mkononi wala kwenye simu yake binafsi. Maombi ya umeme hulipiwa kwa kontro namba inayotoka kwenye shirika lenyewe. Anayesema "nipe elfu hamsini nikuharakishie nguzo" au "mita yako ina tatizo, nikimaliza hapa hutakatiwa" ni kishoka, yaani fundi wa uongo. Hata kama kweli ni mwajiriwa, hela hiyo inabaki kuwa rushwa. Funga geti, kisha piga simu huduma kwa wateja ya TANESCO, 180.

Na wale wa kusajili laini kwa alama za vidole?

Usikubali kuweka kidole mara ya pili na ya tatu kwa maneno "haijasoma, rudia". Kila kidole kinaweza kuwa laini nyingine kwa jina lako, na laini hiyo ikitapeli mtu Mwanza, polisi wanakutafuta wewe. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ikafungwe.

Sisi ni wakulima. Tunaletewa miche ya parachichi, mbegu na mbolea hadi shambani. Tukatae vyote?

Msikatae vyote. Ila mnunue kwa macho makali kuliko mnavyonunua sufuria, kwa sababu sufuria mbovu utaijua wiki hii. Mche wa parachichi ulioambiwa ni wa aina ya Hass hutaujua hadi miaka imepita, umeshaupa samadi, maji na ardhi ambayo ingelimwa viazi. Mche uliobebeshwa una kovu la kiungo kwenye shina, mahali kikonyo cha Hass kilipounganishwa na mche wa chini. Shika shina, litafute kovu hilo, muulize kikonyo kilitoka mti gani na kitalu kiko kijiji gani. Kisha kiendee kitalu hicho. Njombe na Rungwe vitalu vipo na wenye vitalu wa kweli wanapenda kutembelewa. Anayeuza miche juu ya pikipiki akakataa kutaja kitalu, mwache aendelee na safari.

Mbegu iwe kwenye mfuko uliofungwa kiwandani, wenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Usinunue mbegu ya kupimiwa kwa kopo. Mbolea ya ruzuku hutolewa na wakala aliyesajiliwa, kwa namba ya mkulima aliyeandikishwa. Anayekuja usiku na mifuko ya ruzuku kwa bei ya chini anauza ama wizi ama mchanga. Tumeona vyote viwili.

Kwa mbegu za nafaka na viazi, watafiti wa kilimo wa TARI Uyole wako barabarani kabisa, ukitoka Mbeya mjini kuelekea njia panda ya Tukuyu. Maafisa ugani nao wapo kwenye kata. Waulize kabla ya msimu, sio baada ya mbegu kugoma kuota.

Lori limesimama, wanauza bati "zilizobaki saiti" kwa nusu bei.

Uliza geji, kisha kumbuka kwamba namba inapokuwa kubwa bati linakuwa jembamba: geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28. Bati linaloitwa 28 mlangoni linaweza kuwa 30. Na baada ya upepo wa kwanza mkali, lori hilo hulipati tena. Nunua dukani, dai risiti ya EFD.

Kuna wanaokuja na mkopo. Fomu moja, hela leo leo.

Mkopo unaokufuata nyumbani hauitwi kausha damu bure. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka anayekopesha awe na leseni, na Benki Kuu huchapisha orodha ya wenye leseni kwenye tovuti yake. Benki Kuu ina tawi Mbeya mjini, kwa hiyo mtu anaweza kwenda kuuliza kwa miguu yake.

Kadi yako ya benki na namba ya siri usimpe mkopeshaji yeyote, hata akisema ni dhamana. Hati ya nyumba au ya kiwanja isitoke ndani bila mwenzi wako kujua. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza nyumba ya wanandoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, na mkopeshaji anayekuambia "usimwambie baba" anaijua sheria hiyo.

Usisaini karatasi yenye nafasi tupu. Usisaini Kiingereza usichokielewa. Mwanao wa kidato cha nne anaweza kukusomea, na kama yuko shule, karatasi imsubiri.

Nimeshasaini na nimeshalipa kianzio. Nimesikia kuna siku tatu za kughairi.

Hizo ni za Marekani. Huko kuna kanuni ya serikali yao, inayotumika tangu 1974, inayompa mnunuzi siku tatu za kazi kufuta mauzo aliyofanyiwa nyumbani ya dola 25 na kuendelea. Nchi za Umoja wa Ulaya zinatoa siku 14. Video za mitandaoni zimezisambaza hadi kwetu, na watu wameegemea ulinzi ambao si wao. Hapa usihesabu siku tatu. Anza leo.

Soma kwanza mkataba wenyewe, kwa sababu kampuni nyingine huandika kipindi cha kurudisha. Pili, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema mkataba uliopatikana kwa kulazimisha, kwa ushawishi usiofaa, kwa ulaghai au kwa maelezo ya uongo unaweza kubatilishwa na yule aliyeonewa. Aliyesaini akiwa chini ya miaka 18 hakuwa na uwezo wa kufunga mkataba tangu mwanzo, na hilo linahusu watoto na madada wa kazi wanaosainishwa wazazi wakiwa shambani. Tatu, Sheria ya Mauziano ya Bidhaa inataka mali iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo.

Andika barua fupi: tarehe, ulichoambiwa, ulichopewa, unataka nini. Baki na nakala. Usitumie kifaa wakati unadai kukirudisha, na usilipe rejesho jingine kwa wakala wa mtaani "ili akusaidie". Zungumza na ofisi.

Ameacha mzigo ndani akasema nitajaribu tu. Sasa anadai hela.

Mpigie mbele ya shahidi, mwambie auchukue, mpe siku. Uweke salama, usiufungue. Akija na vitisho, mwite balozi au mwenyekiti wa mtaa. Na akikataa kuondoka kwenye uwanja wako, acha mazungumzo, piga 112.

Mama yangu yuko peke yake kijijini Makete. Nimlindeje nikiwa mbali?

Usimpigie kumkaripia. Mzazi aliyekaripiwa mara moja hatakuambia mara ya pili. Mwombe akusaidie kitu: "Mama, mtu akija na biashara yoyote, msingizie mimi. Sema hela anashika mtoto, mpigie." Anakuwa na pa kuegemea bila kuvunja heshima yake. Mjulishe jirani mmoja anayeaminika, na mama mchungaji au kiongozi wa jumuiya, kwa sababu wauzaji wengine hupitia huko huko kuomba kutangazwa baada ya ibada. Tangazo la kanisani si cheti cha ubora, na viongozi wetu wa dini wanapaswa kulifikiria hilo kabla ya kumpa mtu kipaza sauti.

Kwenye simu yake, mfundishe kutazama jina kabla ya kuweka namba ya siri. Likija jina la mtu binafsi badala ya la kampuni, asitishe muamala.

Nianzie wapi kulalamika?

Ulaghai wa wazi, mtu aliyechukua hela akatoweka, ni wa polisi: fungua jalada, chukua namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Namba ya simu iliyotumika kutapeli itume 15040. Bidhaa zisizo na viwango zipeleke TBS, dawa na vifaa tiba TMDA, bima TIRA, mikopo Benki Kuu. Muuzaji aliyepotosha wateja kuhusu bidhaa au bei ni wa Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya 2003. Deni dogo la kudai lipeleke Mahakama ya Mwanzo, ambako huhitaji wakili.

Utaulizwa ushahidi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza tunza karatasi aliyoacha, picha ya kitambulisho chake, namba ya pikipiki, ujumbe wa muamala, na majina ya majirani waliouziwa siku hiyo hiyo. Majirani saba wenye karatasi zinazofanana wakienda pamoja na mwenyekiti wao husikilizwa haraka kuliko mtu mmoja. Aibu ndiyo inayowafanya watu saba wakae kimya katika nyumba saba, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Uliza kwenye kikoba chako Jumapili hii kama kuna mwingine.